Kuzingirwa Huanzia Ghalani: Funzo la Pemba na Mombasa, 1822–1837

Katika masomo ya vita huulizwa: jeshi lililozingirwa hutokaje? Sisi tunasema liko swali linalotangulia: lilizingirwaje? Historia ya Pemba inalijibu.

Mwanzoni mwa karne ya 19 mwambao wetu uligombaniwa na koo mbili za watawala wenye asili ya Oman. Wamazrui walishika Mombasa na Pemba. Wabusaidi, chini ya Seyyid Said, walishika Unguja. Mombasa ilikuwa na Ngome ya Yesu, lakini mchele wake ulitoka Pemba. Mkulima alilima, ngome ikala.

Mnamo 1822–1823 majeshi ya Seyyid Said yaliiteka Pemba, na baadhi ya wakubwa wa Pemba wenyewe ndio waliomwita. Wamazrui walivuka bahari ili kuikomboa, wakashindwa. Hapo ndipo Mombasa ilipozingirwa hasa. Merikebu zilizofuata zilikamilisha tu kazi.

Walitokaje? Februari 1824 Kapteni Owen wa Uingereza alipoingia Mombasa alikuta merikebu za Wabusaidi nje na bendera ya Kiingereza inapepea ngomeni. Wamazrui walikuwa wakiomba ulinzi. Mapatano yakafanywa: warudishiwe milki zao za zamani, na nusu ya ushuru wa forodha iende kwa Mwingereza. Duara likavunjika. Lakini mwaka 1826 Waingereza waliondoka, na Pemba haikurudi. Ngome ilihimili mashambulizi kadhaa, hata mwaka 1837 mfarakano wa Wamazrui wenyewe ukamfungulia Seyyid Said mlango.

Tulinganishe na China. Oktoba 1934 watu wapatao 86,000 wa Jeshi Jekundu walitoka Jiangxi, walikozingirwa na Chiang Kai-shek. Mwaka mmoja baadaye kikosi kilichofika Shaanxi kilikuwa na watu wapatao 8,000 tu. Gharama ilikuwa kubwa mno. Lakini walitoka kwa miguu yao, wakajijenga upya miongoni mwa wakulima.

Makada hawana budi kulizingatia hili. Atokaye kwa mlango wa mgeni, mgeni akiondoka hubaki palepale. Na mkulima wa Pemba hakuwa na sababu ya kuwafia Wamazrui, kwa kuwa kwao alikuwa ghala, hakuwa mwenzao. Uongozi unaokula jasho la watu bila kushirikiana nao umekwisha kuzingirwa, hata kabla adui hajatweka tanga.