Kumwonyesha mtoto nyoka porini

Mtoto anayejua nyoka hukaa wapi yuko salama zaidi kuliko yule aliyefundishwa kuogopa tu. Lakini tunapotoka naye kuwatafuta, kanuni ni moja: tunatazama kwa macho, hatugusi, hata kama nyoka anaonekana amekufa.

Tuvae viatu vinavyofunika mguu, mtu mzima atangulie, na mawe au magogo yasiinuliwe kwa mkono. Kifutu, ambaye wengine humwita bafe au moma, hakimbii akisikia hatua. Hutulia palepale, rangi yake ikifanana na majani makavu. Ndiyo maana watu humkanyaga bila kumwona. Swila naye hutema sumu akilenga macho. Ikimpata mtoto, tumwoshe macho papo hapo kwa maji mengi safi, kisha tumpeleke hospitali.

Mtoto akiumwa, tumtulize, kiungo kilichoumwa kisichezeshwe, tumwahishe hospitali. Tusichanje jeraha, tusinyonye, tusifunge kamba ya kubana.

Tukimwona nyoka, tusimame, turudi nyuma polepole, tumwache aende zake. Huyo huyo ndiye anayepunguza panya wanaomaliza mahindi yetu ghalani.