Nguzo za Umeme na Ndege Wakubwa

Ndege mdogo atuaye juu ya waya mmoja wa umeme hadhuriki. Mwenye hatari ni ndege mkubwa, ambaye mabawa yake yaweza kugusa nyaya mbili kwa pamoja. Hapo umeme humpita mwilini, naye hufa papo hapo.

Sudani ilikwisha kuyaona hayo. Katika miaka ya 1950 nyaya zilipitishwa karibu na Port Sudan, katika njia ya tumbusi weupe wahamao. Mizoga yao iligunduliwa chini ya nguzo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hata hivyo nyaya hizo hazikuzimwa ila mwaka 2014.

Huko Kagera, Burigi-Chato, ambayo sehemu yake imo Muleba, ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2019. Lakini ndege hawajui mpaka. Korongo taji, ambaye mabawa yake hufikia karibu mita 2, hutafuta chakula mabondeni na mashambani, na hulala juu ya miti, pengine hata juu ya nguzo. Tangu mwaka 2012 amehesabiwa miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka duniani.

Wanavijiji wa Bukoba na Muleba wanastahili taa. Basi nyaya na zitenganishwe, au zifunikwe penye nguzo, wakati wa kujenga. Kwani kurekebisha baadaye ni gharama, na Port Sudan ilingoja miaka sitini.