Jiwe Lililokosa Jina

Katika kitabu cha Mwanzo twasoma jinsi wanyama walivyoletwa mbele ya Adamu ili awape majina. Mnyama alionekana kwanza, ndipo akaitwa. Mabingwa wa elimu ya madini nao wana desturi kama hiyo, nao huishika sana: kitu kilichofanyizwa kwa mkono wa mtu hakipewi jina la madini, mpaka kionekane mahali kilipojifanya chenyewe, kipimwe na kuelezwa. Kwa sababu ya desturi hiyo, jiwe lililo jingi kuliko yote duniani lilikaa bila jina lake hata mwaka wa 2014.

Jiwe lenyewe ni la jamaa ya silika, yaani yale ambayo ndani yake silikoni na oksijeni zimeshikamana. Jamaa hiyo ni kubwa. Udongo wa mfinyanzi umo, na mawe mengi tuyakanyagayo yamo. Lakini hili, lenye magnesi na chuma pia, makao yake yaanzia yapata kilomita 660 chini ya miguu yetu, yakashuka hata karibu na kilomita 2,900. Lakisiwa kuwa sehemu 38 katika kila 100 za ujazo wa dunia nzima. Tena ni nani awezaye kulifikia? Shimo la Kola, ambalo Warusi walilichimba kwa miaka mingi kwenda chini moja kwa moja, lilifika kilomita 12 na kidogo tu.

Basi, walijuaje kwamba lipo? Mawimbi ya mitetemeko ya nchi hubadili mwendo yapitapo katika vitu vya namna mbalimbali, na kwa mawimbi hayo wakapata habari za kule chini. Tena mwaka wa 1974, huko Australia, Lin-gun Liu alibana chembe za madini kati ya ncha mbili za almasi na kuzichoma kwa mwanga mkali wa leza, zikageuka kuwa kitu kizito kilichosongamana sana. Tangu hapo umbo lake lilijulikana, lakini jina lilikuwa la kuazima: waliliita perovskiti, kwa kuwa lafanana umbo na madini mengine yenye jina hilo.

Msaada ulitoka juu, wala si chini. Mwaka wa 1879 vimondo vilianguka Tenham, katika nchi ya Queensland huko Australia. Zamani sana, vilipokuwa bado angani, viligongwa kwa nguvu za ajabu, na kwa kitambo kifupi mno pakawa na mbano na joto kama vya kule chini kabisa. Mishipa myembamba ya jiwe ikayeyuka, ikaganda upesi, na kilichofanyika ndani yake kikabaki.

Kazi ya kukitafuta haikuwa nyepesi. Chembe zake ni ndogo kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita, na waliojaribu kwanza waliona ya kuwa miali ya darubini zao za elektroni ilizivunja umbo, zikawa kama kioo. Oliver Tschauner na Chi Ma, huko Marekani, walitumia miali myembamba ya eksirei kutoka mtambo mkubwa wa Argonne, karibu na Chicago, nayo haikuziharibu. Mwaka wa 2014 wakatangaza, na jiwe likaitwa brijimanaiti, kwa heshima ya Percy Bridgman, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1946 kwa kazi yake ya kubana vitu. Yeye alikufa mwaka wa 1961, asipate kusikia habari hiyo.

Wako watakaosema kwamba kungoja miaka 40 ni ukaidi wa wasomi. Mimi sioni hivyo. Walipozipima chembe za Tenham, walikuta sodiamu, ile iliyomo katika chumvi ya chakula, na chuma, kwa wingi kuliko katika zile walizokuwa wamezifanyiza wenyewe.