Tawi la Mberoshi: Noeli ya Gitega Bila Msitu

Kila Desemba filamu na kadi hutuletea picha ileile: baba na watoto wanaingia msituni, wanachagua mti wao, wanaukata na kuuburuta hadi nyumbani. Ukiipima Gitega kwa picha hiyo, sekta hii ya wilaya ya Nyarugenge, Kigali, yenye nyumba zilizobanana ukuta kwa ukuta, itaonekana haina Noeli ya maana. Msitu wa kuingia hakuna. Mti wa hapa ni tawi la mberoshi lililokatwa kwa panga kwenye ua, utomvu ukinata vidoleni, likasimamishwa ndani ya kopo la mchanga na kutundikwa pamba iliyochambuliwa ili iwe theluji. Wapo wanaoliita mwigo wa kimaskini, ila historia ya mti wenyewe haiwaungi mkono.

Kumbukumbu za kale za mti wa Noeli zimejaa walinzi wa misitu. Mwaka 1521 mji wa Sélestat, Alsace, uliwalipa walinzi wazuie watu wasivamie miti kabla ya sikukuu. Mwaka 1561 mji jirani wa Ammerschwihr uliamuru kila raia atosheke na mti mmoja, usiozidi urefu wa viatu vinane, yaani kama mita mbili na nusu. Desturi hii imezaliwa na kibali mkononi. Kwa hiyo sheria ya misitu ya Rwanda ya 2013, iliyoweka uvunaji wa miti chini ya ruhusa, haikuvunja mila ya mtu. Iliirudisha pale ilipoanzia.

Itasemwa kwamba Wajerumani walitawala hapa hadi 1916, na mti ni wao, basi mbona hawakuuacha? Walikuwa wachache mno. Noeli ya Wanyarwanda wengi ilikuja na Mapadri Weupe, wamisionari wa Kikatoliki waliofungua misheni ya Save mwaka 1900, na ambao kanisa lao la Sainte-Famille la Kigali ni la 1913. Kwao cha kwanza kilikuwa pango la Bethlehemu, maana mti ulinuka Uprotestanti. Hata Uwanja wa Mtakatifu Petro, Roma, ulipata mti wake mwaka 1982 tu. Tawi lilipoingia sebuleni liliingia kama pambo la pembeni, na pambo la pembeni halidai shina zima. Pwani ya Tanzania walikwenda mbali zaidi: mti wa Madagaska unaochanua mwekundu Desemba wameuita mkrismasi, wakauacha umesimama barabarani.

Pingamizi la ugeni ni jepesi. Mberoshi unaopandwa kwenye nyua zetu jina lake la kisayansi linautaja kuwa wa Ureno, ilhali asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Mkaratusi ulitoka Australia, mparachichi Amerika, na hakuna anayeliuliza parachichi pasipoti mezani.

Pingamizi zito ni la mazingira: katika nchi ambayo watu wake hupanda miti kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, si afadhali mti wa plastiki unaofutwa vumbi kila mwaka? Hoja hiyo ingesimama kama kungekuwa na mti uliokufa. Ua wa miberoshi lazima upunguzwe, la sivyo utageuka msitu mlangoni. Tawi la Noeli ni sehemu ya kazi hiyo, na likikauka Januari huishia jikoni. Plastiki haina jiko linaloipokea, na Rwanda, iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, inalijua hilo vizuri. Hatari iko upande mwingine. Nyua za miberoshi zinang'olewa kupisha kuta za matofali, na ukuta hauna cha kupunguza. Anayetaka tawi sasa hulinunua, na akiwa dukani, mti wa plastiki uko rafu ya pili.