Minyaa, Mkonge na Ujirani

Lugha yetu ina sauti moja fupi, ua, iliyobeba mizigo mitatu. Kuna ua la mti, lipendezalo macho. Kuna ua wa nyumba, yaani uzio unaowasitiri wenyeji. Na kuna kuua, kutoa roho. Wanasarufi watatuambia kwamba maneno hayo hayana undugu, na kwamba kila moja limeshika njia yake. Hata hivyo, mtu aliyeishi Kilosa miaka mingi huanza kuyaona kama watoto wa mama mmoja, kwa maana katika wilaya hii mipaka ya ardhi imepata kupamba, imepata kusitiri, na imepata kuua.

Kwa kuwa nilikuwa bwana shamba, watu bado hunijia kuuliza wapande nini kuzunguka nyumba zao. Huniuliza ni mmea upi unaota upesi, upi unavumilia kiangazi, upi mbuzi hawaugusi. Ni maswali mazuri, nami huyajibu. Lakini swali la kwanza, kwa maoni yangu, lingekuwa hili: ua huo utamwambia nini jirani? Kwa maana ua ni maneno yaliyopandwa ardhini, na aghalabu huishi kuliko aliyeyatamka. Historia ya Kilosa inalionyesha jambo hilo waziwazi.

Tuanze na karne ya kumi na tisa. Bonde la mto Mkondoa lilikuwa njia ya misafara kutoka pwani kwenda Ugogo, Unyamwezi na Ujiji. Burton na Speke walipita Usagara mwaka 1857, na Stanley alivuka mbuga ya Mkata katika mvua za mwaka 1871. Biashara ya pembe na watumwa ilikuwa imepamba moto, na juu yake kulikuwa na uvamizi wa Wahehe na wa Wamasai. Katika hali hiyo ua haukuwa pambo. Wasafiri wa zama hizo waliandika juu ya vijiji, hasa vya Unyamwezi, vilivyozungushiwa magogo, miiba na minyaa mirefu iliyosongamana. Mnyaa ulikuwa na sifa zote zilizotakiwa: kipande chake kikichomekwa ardhini huota bila kubembelezwa, hauungui kirahisi kama ukuta wa nyasi, na utomvu wake mweupe humfanya adui afikirie mara mbili, kwani ukiingia jichoni huweza kupofusha. Uzio wa namna hiyo uliitwa boma. Ulimwambia mgeni neno moja tu: simama.

Kisha ikaja mipaka ya aina nyingine, isiyopandwa wala kuonekana. Mwishoni mwa mwaka 1884 Carl Peters alifika Msowero, na Mangungo akatia alama yake kwenye karatasi asiyoweza kuisoma. Kila mtoto wa shule Tanzania amesikia habari za mkataba huo. Jambo ninalolitafakari mimi ni dogo zaidi. Kwa desturi za mababu, ardhi iligawanywa kwa kutembea juu yake. Wazee walionyeshana mti huu, kijito kile, jiwe lile, na majirani wakashuhudia. Karatasi ya Peters haikuhitaji kutembea. Kwa mara ya kwanza watu wa Usagara walikuwa ndani ya ua ambao hawakuuona. Na neno boma nalo likahama: kutoka uzio wa miiba ulioulinda umma, likawa jengo la serikali, mahali mtu anapokwenda kulipa kodi na kushtakiwa. Hata leo tunasema fulani kaitwa bomani, na hakuna anayefikiria miiba.

Mpaka wa tatu uliletwa na mkonge. Mmea huu si wa kwetu, asili yake ni Meksiko. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikapitia Hamburg, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo 62 yakazaliwa mashamba ya Tanga, na baadaye, reli ya kati ilipopita, mashamba ya Kimamba, Rudewa na kwingineko hapa Kilosa. Katika miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa inaongoza duniani kwa kuuza singa. Mistari ya mkonge ilinyooka kama kwato za ng'ombe wa gwaride, na mkulima mdogo aliyeishi kando aliuelewa ujumbe wake: hapa si kwako.

Lakini mkonge una tabia moja ambayo wenye mashamba hawakuiandika kwenye hati. Hutoa machipukizi pembeni. Mstari uliopandwa leo, usipoangaliwa, baada ya miaka kumi huwa umehama hatua kadhaa. Mmea wa kwanza hutoa mlingoti, huchanua mara moja, hudondosha watoto, hufa. Nimesuluhisha ugomvi wa majirani wawili ambao kila mmoja aliapa kwamba hakugusa mpaka, na wote wawili walisema kweli. Aliyehama ni mkonge wenyewe.

Bei ya singa ilianguka, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na baadhi yakaachwa yakawa pori. Watu walibaki wamebanwa kati ya pori lenye hati na mto unaofurika. Ndipo ikaja Operesheni Vijiji, kati ya mwaka 1973 na 1976. Familia zilizozoea kutawanyika ziliwekwa kwenye mistari, nyumba ikitazama nyumba. Mengi yamesemwa juu ya sera hiyo, mazuri na mabaya. Mimi nitataja moja nililoliona kwa macho: haikupita misimu miwili kabla akina mama hawajaanza kuchomeka minyaa. Serikali iligawa viwanja, lakini haikugawa faragha. Si bure kwamba kwa Kiswahili cha adabu mtu anayekwenda kujisaidia husema anakwenda uani. Mtu asiye na ua hana mahali pa kuoga, pa kulilia, wala pa kugombana na mwenzake bila mtaa mzima kusikia. Minyaa ile haikuwa uasi. Ilikuwa haya.

Upande wa kusini wa wilaya, Mikumi, mpaka ulikuwa wa namna yake. Mahali pale pameitwa kwa jina la mti, mikumi, ile mivumo mirefu ya nyanda za Mkata. Hifadhi ya Taifa ilianzishwa mwaka 1964, na haina uzio. Tembo hawasomi ramani. Wakulima wa kando ya hifadhi za ukanda huu, kama wale wa upande wa Udzungwa, wamejaribu kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu, na nyua za mizinga ya nyuki, kwa kuwa tembo huogopa nyuki. Nazipenda nyua hizo za mizinga. Zinazuia bila kujeruhi, na zinampa mwenyewe asali.

Sasa nifike kwenye jambo zito. Tarehe 8 Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika mapigano ya wafugaji na wakulima. Chanzo chake kilikuwa cha muda mrefu: ng'ombe kuingia mashambani, ng'ombe kukamatwa, malisho kupungua, vijiji vya wafugaji kama Twatwatwa kupakana na mashamba, na mipaka iliyojulikana ofisini kuliko porini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ilikuwa imepitishwa mwaka 1999, lakini sheria iliyo kabatini haizuii ng'ombe mwenye kiu. Mapigano hayakuishia mwaka huo.

Watu husema kwamba mkulima na mfugaji hawana lugha moja. Mimi nasema wanayo angalau moja. Wamasai huuita mnyaa emanyara, na huupanda kuzunguka miji yao kulinda mifugo. Ziwa Manyara, kule kaskazini, limepata jina kwa mmea huo huo. Mkulima wa Rudewa na mfugaji wa Twatwatwa, kila mmoja akitaka kulala salama, walichomeka kijiti kile kile. Tena Wachaga wana sale, mmea wa majani marefu unaopandwa mipakani, ambao pia hupelekwa kwa mtu unayemwomba msamaha. Wazee wale waliona mbali: kinachotenganisha ndicho kinachopatanisha.

Kwa hiyo wanijiao nawajibu hivi. Mnyaa ni mzuri kwa mwenye fedha kidogo na ardhi kavu, lakini usiupande penye watoto wadogo. Mbali na madhara ya utomvu kwa macho, watafiti waliofanya kazi Malawi mwanzoni mwa miaka ya 1990 waliuhusisha na uvimbe wa taya wa watoto uitwao Burkitt. Mchongoma hauruhusu hata kuku kupita, ila unataka subira ya miaka na kukatwa mara kwa mara, na wahenga wametuambia kuwa kuupanda si kazi, kushuka ndiyo ngoma. Mbono kaburi huota upesi na mifugo haiuli, lakini mbegu zake ni sumu, na wale waliouchangamkia mwanzoni mwa karne hii wakitarajia utajiri wa mafuta ya magari hawakuuona. Bogenvilia inapendeza, nayo ina miiba ya kutosha. Mwashoki, mti wa kutoka India, husitiri dirisha la jirani wa ghorofani lakini chini huacha wazi. Lantana, pamoja na maua yake, niachie: ndege hubeba mbegu zake hadi kwenye malisho, na ng'ombe wanaoila huugua.

Wenye uwezo siku hizi hujenga ukuta wa matofali na kupachika vipande vya chupa juu yake. Siwalaumu, wezi wapo. Ila ukuta huzungumza mara moja tu, na husema kama boma la zamani. Ua ulio hai huhitaji kukatwa kila mwaka, na matawi yake huangukia pande zote mbili. Lazima mkutane. Lazima mmoja aseme, "Jirani, kesho napogoa, usishtuke ukisikia panga." Katika wilaya ambako panga limewahi kusikika kwa sababu nyingine, maneno hayo si madogo.

Basi, ukishachagua mmea wako, usianze kuchimba peke yako. Mwite jirani, naye alete shahidi wake. Tembeeni mpaka mzima kwa miguu, kama walivyofanya mababu kabla ya karatasi ya Msowero. Acheni upenyo wa kupita mtu mwenye ndoo ya maji. Kisha ndipo umpe ncha ya pili ya kamba aishike.