Mozart Mikononi mwa Wakongo

Januari 2018, watu wa Berlin walioizoea Misa ya Wafu ya Mozart waliisikia ikipigwa kwa gitaa la umeme, akodioni, ngoma na likembe (kinanda kidogo cha vidole gumba). Onyesho hilo, Requiem pour L., lilielekezwa na Alain Platel. Aliyeusuka muziki upya ni Fabrizio Cassol, mpiga saksafoni wa jazi kutoka Ubelgiji. Aliyewaongoza wanamuziki 14 ni Rodriguez Vangama wa Kinshasa, huku naye akipiga gitaa.

Mchanganyiko huo haukuzuka tu. Mwaka 1958 huko Kamina, Katanga, padri Mfransisko Guido Haazen na kwaya yake, Les Troubadours du Roi Baudouin, walirekodi Missa Luba: maneno ya misa ya Kilatini juu ya mahadhi na ngoma za Kongo. Mwaka 1968 Sanctus yake ikasikika katika filamu ya Kiingereza If...., nayo ikapendwa na vijana wa enzi ya roki. Nyimbo zilikuzwa na waimbaji wenyewe, lakini jina lililojulikana ni la padri.

Mwaka 1977 zamu ilikuwa ya Ituri. Vyombo vya Voyager vilibeba angani santuri zilizopakwa dhahabu, zenye muziki wa Bach, Mozart, Beethoven, jazi ya Louis Armstrong na roki ya Chuck Berry. Humo mna pia wimbo wa unyago wa wasichana Wambuti, kutoka msitu wa Ituri, kaskazini-mashariki ya Kongo. Mozart ametajwa, lakini kwa wimbo wa Ituri ametajwa Colin Turnbull, aliyeurekodi. Wasichana walioimba hawana jina.

Cassol naye alikuwa na njia yake ya kuifikia Afrika: bendi yake, Aka Moon, ilizaliwa mwaka 1992 baada ya safari ya kwenda kwa Waaka wa Jamhuri ya Afrika ya Kati. Pamoja na Platel, Cassol aliufanyia kazi muziki wa Monteverdi (vsprs, 2006), kisha wa Bach (pitié!, 2008), ambamo aliimba Serge Kakudji wa Kolwezi. Onyesho lao la Coup Fatal la 2014 likawaweka Kakudji, Vangama na wenzao wa Kinshasa mbele kabisa, wakizipiga nyimbo za Handel na Gluck kwa mdundo wa nyumbani.

Requiem ilifaa zaidi kufumuliwa, kwa kuwa Mozart alifariki Desemba 1791 kabla ya kuimaliza. Sehemu ya Lacrimosa aliiandika vipimo vinane tu (baa) vya mwanzo. Katika onyesho la Berlin sauti za opera zilipokezana na za waimbaji wa Kongo, kama katika matanga yetu, ambako kilio na wimbo haviachani.

Kipimo cha safari hii ni majina. Kamina lilibaki jina la padri, Ituri la mrekodi. Berlin, Vangama alitajwa kwa jina na kwa kazi yake: kiongozi wa muziki.