Matone ya Kikuyu yaliyoipiku fedha

Mabamba, huku Kibondo mpakani na Burundi, aidini inajulikana kwa sura mbili: madini joto ya kwenye pakiti ya chumvi, na dawa ya kahawia ya kupaka kwenye jeraha. Sura ya tatu haisemwi sana, ingawa ilithibitishwa hapo jirani, Kenya, na mwaka 2025 ilitimiza miaka 30.

Mfaransa Bernard Courtois aliipata aidini mwaka 1811 kwenye majivu ya mwani. Hospitali zikaipokea, ila iliunguza, mpaka katikati ya miaka ya 1950 ilipofungwa kwenye povidoni, inayoiachia kidogokidogo.

Sura hiyo ya tatu ni matone ya kukinga macho ya vichanga. Mama mwenye kisonono akijifungua, mtoto huweza kuambukizwa kwenye njia ya uzazi, macho yakatoka usaha na hata kupofuka. Tangu miaka ya 1880, Mjerumani Carl Credé wa Leipzig alipoanza kutumia matone ya nitrati ya fedha, fedha ndiyo iliyotawala. Iliokoa wengi, tusiinyime haki yake. Lakini ilivimbisha kope, na kwa klamidia, ugonjwa mwingine wa zinaa, haikufua dafu.

Ndipo Sherwin Isenberg na Leonard Apt kutoka California, pamoja na Mark Wood wa Kikuyu nchini Kenya, wakaishindanisha na aidini hiyo ya povidoni ya asilimia 2.5 na dawa ya erithromaisini. Utafiti ulichukua miezi 30, kwa watoto 3,117. Waliopata maambukizi ya macho walikuwa asilimia 13.1 kwa povidoni, 15.2 kwa erithromaisini na 17.5 kwa fedha. Tofauti si ya kupigia vigelegele, lakini povidoni ilikuwa rahisi kwa bei. Tena hulipaka jicho rangi ya kahawia kwa dakika chache: mkunga aliyezidiwa na wazazi usiku anatazama tu, anajua nani ameshatiwa dawa. (Ile ya jeraha, ya asilimia 10, isiguse jicho la mtoto.)

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani liliitaja povidoni kati ya dawa zinazofaa, fedha nayo ikabakizwa. Kwetu bado tumezoea mafuta ya tetrasaiklini, wakati kisonono kimeshakuwa sugu kwa tetrasaiklini sehemu nyingi. Ushahidi uliotolewa na akina mama wa Kikuyu na vichanga wao ulistahili kujadiliwa kwanza kwenye wodi za wazazi za Afrika Mashariki, kabla ya kwingine kokote.